Msumeno wa mnyororo ulionirukia: jibu kwa mwalimu wa Mingoyo

Swali: “Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, naishi Mingoyo, mkoani Lindi. Nimenunua kwa seremala msumeno wa mnyororo wa petroli uliokwisha kutumika, ili nipunguze matawi ya mkorosho mkuukuu ulio nyuma ya nyumba yangu na kujipatia kuni. Siku ya pili, nikiwa nakata tawi lililolala chini, msumeno ulinirukia kuelekea usoni. Nikauachia, ukaanguka huku unanguruma. Sikuumia, ila tangu siku hiyo umekaa stoo. Je, ubovu ni wa msumeno au ni wangu? Na je, ninaweza kuukata mwenyewe mnazi uliokufa ulioinamia banda la kuku? Jirani naye anataka kuuazima.”

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Ulifanya vyema kuuweka stoo, na ulifanya vyema zaidi kuuliza kabla ya kuutoa tena. Kwa maelezo yako, nadhani ubovu uko pande zote mbili. Upande wako nina uhakika nao. Upande wa msumeno utauhakikisha mwenyewe kwa vipimo nitakavyokupa.

Tuanze na kile kilichokurukia. Lile bapa refu la chuma ambalo mnyororo hulizunguka mafundi wetu huliita baa, na kwa mtu ambaye hajafundishwa kulitumia jina hilo linastahili maana zake zote. Mnyororo hupita juu ya baa ukienda mbele, ukazunguka ncha, kisha ukarudi kwa chini kuelekea kwako. Injini inapokanyagwa mafuta yote, meno hupita kwa kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde, yaani kilomita zaidi ya 70 kwa saa, ambayo ni kasi ya basi lililokwisha kutoka mjini. Sasa, pale kwenye ncha, robo yake ya juu ndiyo mahali pa hatari kuliko pote. Jino likigusa mti kwa sehemu hiyo halipati nafasi ya kukata. Linang'ang'ania, na kwa kuwa mti hausogei, nguvu yote ya injini inageuka na kulirusha baa juu na nyuma, katika upinde unaoishia shingoni au usoni mwa aliyeushika. Jambo hilo huisha katika sehemu ndogo sana ya sekunde, kabla jicho halijaona na mkono haujaambiwa, na kwa hiyo hakuna mtu mwenye wepesi wa kulikwepa. Linazuiwa kabla halijaanza, au halizuiwi.

Mkorosho ndio mti unaoleta balaa hilo kuliko miti mingi ya kwetu, kwa namna unavyokua. Matawi yake hutambaa chini, yakapishana, mengine yakalala juu ya udongo na kuchipua tena, hata ukiingia chini ya mkorosho wa miaka 40 ni kama umeingia kibandani. Wewe ulikuwa unatazama pale meno yanapoingia kwenye tawi, na hilo ni jambo la kawaida kwa kila mgeni wa kazi hii, lakini ncha ya baa ilikuwa imetokeza upande wa pili, ikagusa tawi jingine ambalo hukuliona. Kwa hiyo, kabla ya kukata tawi lolote la mkorosho, chukua panga kwanza ufyeke vijiti na majani, uone nyuma ya tawi hilo kuna nini. Na unapokata, jicho moja liwe kwenye mkato na jingine, kama ningeweza kukuamuru hivyo, liwe kwenye ncha. Kata kwa sehemu ya baa iliyo karibu na mwili wa msumeno, ukiyaegemeza kwenye mti yale meno ya chuma yasiyozunguka yaliyo kwenye shina la baa, kama unayo. Kukata kwa kudunga ncha, kama unavyowaona wapasuaji mbao wakifanya, ni somo la baadaye.

Umeandika kwamba uliuachia. Neno hilo linaniambia kwamba kidole gumba cha mkono wa kushoto hakikuwa kimezunguka mpini wa mbele. Watu wengi hukiweka juu pamoja na vidole vingine, kama mtu anayeshika mpini wa baiskeli akiwa hana haraka. Mkono wa kushoto hushika mpini wa mbele, gumba likipita chini na kukutana na vidole. Mkono wa kulia hushika mpini wa nyuma wenye kibonyezo cha mafuta. Na hivyo ndivyo hata kwa anayetumia mkono wa kushoto katika mambo mengine yote, kwa sababu mashine imetengenezwa hivyo na breki yake inategemea hivyo. Mwili wako usimame kidogo kushoto, ili baa likiruka lipite kando ya bega la kulia badala ya katikati ya uso. Usikate kwa mkono mmoja, usikate juu ya usawa wa mabega, na usikate ukiwa juu ya ngazi. Najua umewaona mafundi wanaofanya yote matatu kwa pamoja wakiwa wamevaa ndala. Mimi pia nimewaona, na baadhi yao nimewaona tena baadaye wakiwa na vidole pungufu.

Sasa tuje kwenye msumeno wenyewe. Mbele ya mpini wa mbele kuna ngao ya plastiki inayosogea. Hiyo si pambo. Ndiyo breki ya mnyororo. Baa likiruka, ngao hugonga kifundo cha mkono wako wa kushoto, au husukumwa na uzito wake yenyewe, na mnyororo husimama papo hapo. Ule ulioanguka ukiwa unanguruma ulipaswa kuwa umesimamisha mnyororo kabla haujafika chini, hata kama injini iliendelea kuwaka. Ipime hivi: injini ikiwa imezimwa, vaa glavu, sukuma ngao mbele mpaka isikike ikijifunga, kisha jaribu kuvuta mnyororo kwa mkono, usisogee hata kidogo. Rudisha ngao nyuma, mnyororo uzunguke bila shida. Kisha uwashe, uweke juu ya ardhi tupu isiyo na mawe, ushike kwa mikono yote miwili, bonyeza mafuta, na bila kuachia mpini sukuma ngao kwa kifundo cha mkono wa kushoto. Mnyororo usimame hapo hapo, si baada ya kujivuta. Ukikuta ngao imevunjika, imefungwa kwa waya, au haipo kabisa kwa sababu mwenye msumeno aliona inamsumbua, basi huo haufai kukatia hata kuni za kupikia uji mpaka ipatikane nyingine.

Pili, uwashe na uuache ungurume bila kubonyeza mafuta. Mnyororo ukizunguka wenyewe, kabureta haijarekebishwa vizuri au klachi imechoka, mpelekee fundi. Tatu, angalia kibonyezo cha mafuta: kisikubali kubonyezwa mpaka kiganja kiwe kimeshika kile kidude cha juu ya mpini wa nyuma, na mara nyingi watu hukifunga kwa mpira wa baiskeli. Ufungue.

Nne, na hapa ndipo ninapoushuku zaidi msumeno wako, tazama meno. Mbele ya kila jino linalokata kuna kidonge kidogo cha chuma kisicho na makali. Kazi yake ni kuliwekea jino kipimo cha kina cha kuuma, na kwa minyororo mingi ya misumeno ya nyumbani kidonge kinapaswa kuwa chini ya jino kwa takriban milimita 0.65 tu, pungufu kidogo ya unene wa kadi moja ya benki. Mafundi wa pembeni mwa barabara, wakiona mnyororo hauli, huvisaga vidonge hivyo mpaka viwe chini sana. Kwa siku ya kwanza msumeno unaonekana mkali ajabu, unatupa mapande makubwa badala ya chenga, na mnunuzi anafurahi. Kumbe kila jino sasa linauma kupita kiasi, na siku ncha inapogusa kitu, ule mruko unakuwa maradufu. Msumeno uliouzwa ukiwa “umenolewa vizuri” ndio unaohitaji kuangaliwa kwanza. Kama vidonge vimeshuka hivyo, mnyororo huo hautengenezeki kwa urahisi. Nunua mpya, wenye idadi ile ile ya viungo na unaolingana na baa lako.

Kunoa ni kazi ya tupa ya duara, yenye unene unaolingana na mnyororo (mingi ya nyumbani hutumia milimita 4 au 4.8), kwa mwelekeo mmoja tu wa kusukuma, mapigo yaliyo sawa kwa kila jino. Jino likikata vizuri hutoa vipande vidogo mfano wa nazi iliyokunwa. Likitoa vumbi kama unga wa muhogo, limeshakuwa butu, na mtu huanza kukandamiza kwa mabega, akachoka, na kuteleza. Kuhusu kukaza: mnyororo ugusane na upande wa chini wa baa, lakini uvutike kwa mkono wenye glavu. Usiukaze ukiwa wa moto; ukipoa hujikunja na kulibana baa, kwa hiyo ukimaliza kazi ulegeze kidogo.

Mafuta nayapita upesi kwa sababu mtu wa Lindi ana mwalimu wake tayari. Ukiwa umewahi kutumia pampu ya injini ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, unajua kwamba injini ndogo ya mipigo miwili haina tangi lake la oili, na petroli lazima ichanganywe. Kwa oili nzuri ya mipigo miwili, misumeno mingi ya kisasa hutaka sehemu 1 kwa 50, yaani mililita 100 kwa lita 5. Ya zamani ilitaka 1 kwa 25. Soma kitabu chake au kibandiko kwenye tangi. Petroli tupu huua injini kwa siku moja. Oili ya kulainishia mnyororo huwekwa kwenye tangi jingine, na hiyo nayo isiwe oili chafu iliyotolewa kwenye gari: ina vumbi la chuma linalokula baa, na hurukia nguo na ngozi yako siku nzima. Kujaza petroli, subiri injini ipoe, futa iliyomwagika, sogea mita 3 ndipo uwashe. Na ile chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye petroli inayokaa dirishani, tafadhali, iondoke. Tumia galoni lake, lenye kifuniko na jina lililoandikwa.

Nikueleze kilichonipata mimi. Miaka mingi iliyopita, upande wa Newala, tulikuwa tunakatakata mwembe ulioangushwa na upepo. Kazi ilikuwa imekwisha isipokuwa kipande kimoja, jua la saa kumi bado kali, na niliivua suruali ya kazi kwa sababu ya joto, nikabaki na ya kawaida. Nilikata kile kipande, nikageuka kumwambia mwenzangu neno huku mnyororo ukiwa bado unazunguka kwa mwendo wake wa mwisho, na baa likashuka taratibu mpaka likagusa paja la kushoto, juu kidogo ya goti. Sikusikia maumivu. Niliona kwanza nyuzi za suruali zikiwa zimejisokota kwenye meno, ndipo nikaona damu. Msumeno haukuruka wala haukuwa mbovu. Nilikuwa nimechoka, sikuvuta breki kabla ya kugeuka, na nguo niliyoivua ndiyo ingenikinga. Tangu siku hiyo nikichukua hatua moja na msumeno unawaka, breki imefungwa.

Nguo hiyo nataka uielewe, kwa maana watu hudhani ni turubai nene tu. Suruali ya msumeno ina tabaka kadhaa za nyuzi ndefu, ngumu, zilizolala ovyo ndani yake. Jino likipasua kitambaa cha juu huzivuta nyuzi hizo nje, zikaingia kwenye gia inayozungusha mnyororo na kuikaba mpaka isimame. Jinzi haifanyi hivyo, hata ukivaa mbili. Kwa hiyo vaa suruali hiyo, buti ngumu zenye chuma mbele, glavu, kofia ngumu yenye wavu wa uso na viziba masikio. Masikio hasa watu huyadharau, ilhali msumeno hupiga kelele zaidi ya desibeli 100, na kelele za desibeli 85 kwa saa 8 zinatosha kuanza kuharibu usikivu. Msuli, kanzu, shuka la kiunoni, shati lisilofungwa vifungo, vyote vibaki ndani. Ukikosa suruali hiyo Lindi au Mtwara, iagize Dar es Salaam, na hadi ifike matawi hayo yatakatika kwa msumeno wa mkono. Mkorosho ni mti laini, hautakuua.

Kuwasha: weka msumeno chini, breki imefungwa, ncha ya buti la kulia ndani ya mpini wa nyuma, mkono wa kushoto umeshika mpini wa mbele, kisha vuta kamba kwa mkono wa kulia. Ile namna ya kuudondosha hewani huku ukivuta kamba ni ya wanaotaka kutazamwa.

Nirudi kwenye tawi lililolala chini, kwa sababu mruko si hatari yake pekee. Tawi lililobanwa ni kama upinde uliopindwa. Baada ya upepo mkubwa, kama ule wa Kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024, miti mingi hulala hivyo, mizizi imeng'oka nusu na matawi yamepinda chini ya uzito wa shina. Kabla ya kukata, simama ujiulize: nikilikata, litakwenda wapi? Tazama upande uliojikunja na upande uliovutika. Anza na upande uliojikunja, uingie kiasi cha theluthi moja au pungufu, kisha maliza kwa upande uliovutika, polepole, ukiwa umesimama mahali ambapo tawi haliendi. Ukianzia upande uliovutika, tawi hupasuka na kufyatuka. Ukizama sana kwenye ule uliojikunja, baa hubanwa. Likibanwa, zima injini kwanza, ndipo ulitoe kwa kabari au mti wa kunyanyulia. Usilivute huku linanguruma. Tawi lililolala kabisa juu ya udongo likate kutoka juu, uache sehemu ndogo, ulibiringishe, umalizie upande wa pili, maana meno yakigusa mchanga wa pwani mara moja tu, kazi ya kunoa unaianza upya. Na utomvu wa mkorosho, kama ule wa mwembe, huwasha ngozi za watu wengine; osha mikono kabla ya kujifuta macho.

Kuhusu mnazi: hapana, Mwalimu. Usiukate mwenyewe. Si kwa sababu wewe ni mwalimu. Hata mimi ningewaita watu wawili zaidi. Mti wa kawaida unapokatwa hukatwa mdomo upande unaokusudiwa kuangukia, kiasi cha robo ya unene wake, kisha hukatwa nyuma na kuachwa bawaba ya mti usiokatwa, kama sehemu moja ya kumi ya unene, ambayo huuongoza mti unavyoshuka. Mnazi haufuati utaratibu huo kwa utii. Ugumu wake uko pembeni, katikati ni nyuzi laini, hivyo bawaba yake ni dhaifu pale hasa unapoihitaji, na kabari huzama badala ya kuinua. Mnazi uliokufa ni mbaya zaidi, kwa kuwa unaweza kuwa umeoza ndani huku ganda likionekana zima, na mtikisiko wa msumeno ukadondosha kipande cha juu kichwani mwako kabla shina halijaanza kuinama. Na wa kwako umeinama tayari, tena kuelekea kwenye banda. Tafuta wakataji wenye kamba, wanaoweza kuupunguza kutoka juu kwa vipande au kuuvuta upande wa wazi. Hamisha kuku, ondoa watu wote katika umbali wa mara mbili ya urefu wa mnazi, na kama waya wa umeme unapita karibu, waite TANESCO kwanza. Watu hao wakija bila kamba, wakaomba ngazi, waage.

Kwa kazi ndogo unayoifanya mwenyewe, kuwe na mtu mzima anayekuona, nje ya mita 5, mwenye simu yenye chaji, na mpatane ishara ya mkono kwa kuwa hatasikika. Fanya asubuhi, kabla jua la pwani halijakuchosha. Weka karibu kitambaa safi kinene na mkanda mpana. Ukikatwa, msaidizi akandamize jeraha moja kwa moja kwa nguvu zake zote, bila kufunua kila mara kuchungulia; kitambaa kikilowa aongeze kingine juu yake. Damu ya mguu au mkono ikiendelea kuruka, afunge mkanda juu ya jeraha kama upana wa vidole vinne, si kwenye kiungo, aukaze kwa kijiti mpaka damu isimame, aandike saa aliyoufunga, na asiufungue njiani kwenda hospitali.

Jambo dogo la sheria: misumeno hii hutazamwa kwa karibu na maofisa misitu, kwa sababu ndiyo inayovuna magogo yasiyo na kibali. Mkorosho wako ni wako, lakini pita ofisi ya misitu ya wilaya au ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, uulize habari za usajili, na utunze hati ya mauziano kutoka kwa yule seremala.

Kwa jirani, mwambie hivi kama nisemavyo mimi kwa majirani zangu: msumeno hauazimwi peke yake, huja na mwenyewe. Akikubali, mtakwenda pamoja siku moja baada ya breki kupimwa na mnyororo mpya kufungwa, naye atasimama mita 5 akishika simu.